Abiria Chunga Mzigo Wako... Na Mnunuzi Je?

Najua wengi mnasubiri nimalizie ile stori ya fildi, ila fildi itasubiri. Leo nina jambo limenikaa kooni na nisipolisema nitapasuka. Ni habari ya simu kuibiwa. Tena sio habari ya vibaka tu, maana vibaka kila mtu anawasema. Leo nawasema ninyi. Ndiyo, wewe mwenye simu kali isiyo na boksi. Kaa vizuri.

Tuanzie kwenye daladala. Ukipanda gari la abiria hapa Dar, au basi la kwenda mkoani, utakuta yale maandishi: ABIRIA CHUNGA MZIGO WAKO. Tumeyasoma tangu tukiwa tunapakatwa na mama zetu ili tusilipiwe nauli. Sentensi fupi, haina ubaya wowote. Lakini hebu isome tena taratibu. Inasema kikipotea kitu humu ndani, mwenye kosa ni wewe. Sio konda aliyejaza watu mpaka wananing'inia mlangoni. Sio kibaka. Sio yule jamaa anayemsubiri kibaka na noti zake mkononi. Ni wewe abiria. Na sisi tumeimeza hivyohivyo, ndiyo maana mtu akiibiwa simu swali la kwanza tunalomuuliza sio "uko salama?" bali "kwani ulikuwa umeiweka wapi?" Halafu tunamalizia na "ulizubaa". Yaani kaibiwa, halafu anapewa na hukumu juu yake!

Mwezi huu dada mmoja wa kozi yetu kachomolewa simu kwenye daladala, njia ya Ubungo kwenda Mwenge, saa kumi na mbili kasoro jioni. Huyu dada hakuzubaa. Mkoba ulikuwa mbele, zipu imefungwa, mkono juu ya zipu. Walichana chini kwa wembe. Alijua alipofika kituoni, kona ya daftari ilipoanza kuchungulia kwenye tundu. Ndani ya ile simu kulikuwa na picha za madodoso yote aliyojaza kwa ajili ya utafiti wake, mwezi mzima wa kutembea juani. Bumu nalo lilikuwa limeingia juzi yake.

Hela ya bumu haikuguswa, kwa sababu namba yake ya siri ilikuwa haikisiki. Lakini wale jamaa walitoa laini wakaiweka kwenye simu nyingine. Humo kwenye laini kulikuwa na majina aliyoyahifadhi tangu sekondari: Mama, Baba Mdogo, Shangazi Singida. Mnajua kilichofuata. "Shangazi nimepata dharura hospitali, naomba 80,000 tuma kwenye namba hii, yangu ina shida." Ujumbe unatoka kwenye namba ya mtoto wake mwenyewe, shangazi ataachaje kutuma? Akatuma. Shangazi mwenyewe anauza alizeti.

Sasa subirini. Siku tatu baadaye niko koridoni kwetu, jirani yangu katoka chumbani na simu mpya. Watu wamemzunguka, anapiga picha, anakuza picha, anaonyesha kamera inavyoona mpaka kule ng'ambo ya uwanja. Nikamuuliza, "Bei gani kaka?" Akanijibu kwa madaha, "Laki na ishirini tu mwanangu." Simu ambayo dukani haishuki laki tano! Nikauliza boksi liko wapi. "Boksi la nini, kwani napiga simu kwa boksi?" Watu wakacheka. Akaendelea kusimulia mwenyewe kwamba ilikuwa na loki, kampelekea fundi, fundi kachukua elfu ishirini, kaifungua. Na watu wakampa mkono! "Mjanja wewe, mjanja sana." Kati ya waliompa mkono, wawili nilikuwa nao siku ile tunamfariji yule dada.

Sisemi ni simu yake. Yake ilikuwa ya kampuni nyingine kabisa. Lakini ni ya dada wa mtu, na shangazi wa mtu katumiwa meseji.

Sasa naomba tuelewane kitu kimoja. Kibaka haibi simu ili apige. Ana simu yake. Kibaka anaiba ili auze, tena auze harakaraka, kabla mwenyewe hajashtuka na kabla betri haijaisha. Simu ya laki tano yeye anaiachia kwa elfu hamsini, sitini, themanini akibahatika. Anayenunua kwake anaongeza kidogo, fundi anaweka chake, mwisho inakufikia wewe kwa laki na ishirini. Ule mnyororo wote, kuanzia wembe mpaka kwa fundi, unalipwa na mfuko mmoja tu. Wako. Ukitoa wewe hapo mwisho, huko mwanzo kuna mtu ana wembe na simu isiyo na kazi.

Wala sio sisi tu, msije mkasema najidharau na nchi yangu. London kule vijana wanakwapua simu wakiwa juu ya baiskeli za umeme, mtu kasimama anatazama ramani, ghafla mkono mtupu. Oktoba 2025 polisi wa London walitangaza kwamba wamevunja mtandao unaoshukiwa kusafirisha mpaka simu 40,000 za wizi kwenda China. Elfu arobaini! Mnafikiri zile zilipelekwa huko kwa sababu Waingereza wanazubaa? Zilipelekwa kwa sababu kuna wanunuzi. Penye mnunuzi, hata ukiweka askari kila kituo, mwizi atatafuta njia.

Najua majibu yenu, nimeyasikia yote koridoni. La kwanza: "Nisiponunua mimi atanunua mwingine." Hili jibu linanichefua kuliko yote. Kwa hesabu hiyo hata kibaka anaweza kusema asipoiba yeye ataiba mwenzake, na kwa kweli anasema kweli, foleni ya vibaka ni ndefu. Mbona yeye hatumkubalii? Mbona yeye tunamtafutia tairi?

La pili: "Mie sikuiba, nimenunua kwa hela yangu." Hapo watu wa sheria mko wapi? Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inalo kosa la kupokea mali ya wizi, limesimama peke yake, halihitaji wewe uwe umeshika wembe. Inatosha ulijua, au ulikuwa na sababu ya kuamini kwamba ni ya wizi. Sasa niambieni ukweli: simu ya laki tano kwa laki na ishirini, haina boksi, haina risiti, haina chaja, ina loki ambayo muuzaji mwenyewe hawezi kuifungua, umeuziwa kichochoroni na mtu usiyejua hata jina lake. Sababu ya kuamini unataka iandikwe kwa rangi gani? Na fundi wenu anayebadilisha IMEI naye ajue, Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 imelitaja hilo kuwa kosa. Mnaishi na kesi mfukoni, mnaichaji kila usiku.

La tatu ndilo lenye uzito kidogo: "Sisi maskini, simu mpya ghali." Hili naliheshimu. Mie sio mtoto wa waziri, bumu langu nalijua linavyokwisha. Chuo cha siku hizi bila simu huwezi: matokeo kwenye simu, kujisajili kozi kwenye simu, lekcha inahamishwa ukumbi saa moja kabla na tangazo liko kwenye kundi la WhatsApp. Lakini yule aliyechomolewa yeye ni tajiri? Matajiri hawapandi daladala saa kumi na mbili jioni, jamani. Anayeibiwa simu kwenye daladala ni mwanafunzi, ni muuguzi anatoka zamu, ni mama ntilie, ni fundi ujenzi aliyelipa ile simu kwa kudunduliza. Kwa hiyo umaskini wako unautibu kwa kumwongezea maskini mwingine. Kama huna laki tano, nunua ya laki na nusu dukani, kamera haitaona ng'ambo ya uwanja, basi. Utapiga picha vitu vya karibu.

Halafu kuna hili la kuchoma watu. Sitalipita.

Mnajua jinsi inavyokuwa. Kelele ya "mwizi!" inapigwa, dakika moja watu hamsini wameshafika, hakuna anayeuliza kaiba nini wala kama ni yeye. Nimewahi kuona kijana kapigwa stendi, kwa kumtazama hafiki miaka kumi na nane, kiatu kimoja. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu katika ripoti zao za haki za binadamu wamekuwa wakieleza mauaji ya namna hii, wananchi kujichukulia sheria mkononi. Na mara nyingi anayekamatwa ni yule mwenye mwili wa kuonekana, wa mlangoni, sio yule aliyeondoka na simu. Kinachoniuma ni kwamba yule kijana angeuza ile simu kwa nani? Kwa mtu msafi, mwenye shati limepigwa pasi, pengine mwenye kitambulisho cha chuo. Huyo hachomwi. Huyo anapewa mkono koridoni, anaitwa mjanja.

Kwa hiyo sitaki kusikia mtu aliyenunua simu ya dili anasimulia kwa raha jinsi kibaka alivyopigwa. Chagua moja.

Basi, mtasema umetusema sana, tufanyeje huko garini? Nitasema, maana sijasema watu wasichunge mizigo. Chungeni. Ila mjue mnachunga dhidi ya nini. Wengi mnadhani kibaka ni mtu mmoja mwenye vidole vyepesi. Ni timu. Gari linakuja, wote mnakimbilia mlango. Mmoja anapanda mbele yako halafu anaganda kwenye ngazi, anamuuliza konda "hii inafika Makumbusho?" wakati anajua fika haifiki. Mwingine yuko nyuma yako anakusukuma, tena anakulaumu, "Dada panda basi, tunachelewa!" Wa tatu yuko ubavuni, ana koti mkononi, joto lote hili la Dar ana koti, na mkono wenyewe uko chini ya hilo koti. Zamani lilikuwa gazeti, siku hizi nani ananunua gazeti. Akishachomoa hakai nayo, anampa wa nne ambaye hapandi gari kabisa, anaondoka zake taratibu kama anaenda kununua maji. Ukishtuka ukamshika wa tatu, ukampekua, hana kitu. Unabaki wewe ndiye mwehu wa kituo.

Ndiyo maana mlango ndio mahali pa hatari kuliko ndani. Ukiona umebanwa mbele na nyuma kwa wakati mmoja halafu gari halijajaa kiasi hicho, shuka. Gari lingine lipo. Simu ya mfuko wa nyuma wa suruali sio yako tena, ni suala la muda. Begi la mgongoni ligeuze mbele kabla hujafika kituoni, sio ukishapanda. Ukikaa dirishani kwenye foleni, usichati mkono ukiwa usawa wa kioo kilicho wazi, maana yule wa bodaboda anayepita haibi, anavuna tu. Na kina dada mna tatizo ambalo wabunifu wa mavazi inabidi walijibu siku moja: nguo hazina mifuko! Bibi yangu hela yake alifunga kwenye pindo la kanga, pindo likachomekwa kiunoni, na sijawahi kusikia hata siku moja bibi kaibiwa. Mtu alikuwa inabidi amvue bibi kanga kwanza, na hilo halifanyiki kimya kimya.

Lakini hata ukifanya yote hayo, wembe upo. Kwa hiyo ninachowaomba zaidi ni mfanye hesabu ya siku ambayo simu imeshaondoka. M-Pesa ilianza Kenya 2007 na huku kwetu 2008. Kabla ya hapo ukiibiwa simu umepoteza kifaa na majina ya watu. Leo unapoteza pochi, benki, kitambulisho na mdomo wako, maana mtu anaongea kwa mdomo wako kwa shangazi. Na mdomo wenyewe uko kwenye laini, kile kipande kidogo, sio kwenye kioo.

Laini inafungwa kwa namba yake ya siri, tofauti na ile ya kufungua simu, na karibu wote nimewauliza hapa hosteli hawajaiweka. Iko kwenye mipangilio ya simu, upande wa usalama. Ukishaiwasha, laini ikihamishiwa simu nyingine inadai namba. Akikosea mara tatu inajifunga na kudai PUK, ambayo ina tarakimu nane, na PUK nayo akikosea mara kumi laini imekufa. Angalieni tu msiibahatishe ile namba ya kuanzia, waulizeni mtandao wenu kwanza, msije mkanilaumu. Kama yule dada angekuwa amefungiwa laini yake na yule aliyemuuzia, shangazi angekuwa na elfu themanini zake. Na hili simlaumu yeye, nani aliwahi kutufundisha? Tunasajiliwa laini kwa alama za vidole, tunaambiwa "tayari", tunaondoka.

WhatsApp nayo ina namba yake ya siri ya tarakimu sita, iwekeni, hata mwenye laini yako akipata ule ujumbe wa kuthibitisha atakwama hapo. Picha ya kitambulisho cha NIDA kwenye simu, futeni. Majina kwenye laini, hamisheni. Utafiti, picha za madodoso, asaimenti, zisilale kwenye simu peke yake, zirushe hata kwenye barua pepe yako mwenyewe kila jioni, ni bando kidogo tu.

Simu zenyewe nazo zimejitahidi. iPhone tangu 2013 hazifunguki kirahisi bila akaunti ya mwenyewe, na Android zikafuata, ukiifuta yote bado inadai akaunti ya zamani. Kwenye Android nyingi siku hizi kuna hata kitu ukikiwasha, simu ikihisi imekwapuliwa ghafla na mtu anakimbia nayo, inajifunga yenyewe. Iwasheni. Lakini msidanganyike kwamba loki imemaliza kazi. Simu iliyogoma kufunguka inakwenda kuchinjwa kama mbuzi: kioo kivyake, betri kivyake, kamera kivyake. Ukienda kubadilisha kioo na ukaambiwa bei ya kutupa, "hiki ni orijino kimetoka kwenye simu nyingine", muulize imetoka wapi hiyo simu nyingine. Uone macho yake yanavyokwenda.

Tukirudi kwa aliyeibiwa. Cha kwanza, kabla ya kulia, azima simu ya mtu upige mtandao wako laini ifungwe. Hapo hapo kituoni, sio ukifika hosteli. Cha pili polisi, ukachukue RB. Najua mtaguna. Mie nilimsindikiza yule dada, tulikaa kwenye benchi la kituo kimoja karibu saa tatu, na askari alituuliza mara mbili kama tuna uhakika simu haikudondoka. Hapo ndipo watu wengi wanalegea, wanakubali kuandikiwa ripoti ya upotevu kwa sababu ni rahisi na inatosha kurudisha laini. Msikubali. Wizi sio upotevu. Ukiandika umepoteza, basi hakuna mwizi, hakuna mnunuzi, hakuna kesi, na huko juu wanahesabu kwamba abiria wa Dar wana mikono inayoteleza. Yule dada aligoma, akasema "afande, mkoba huu umechanwa kwa wembe, utazame", na mwishowe RB ilitoka.

Na hapo ndipo IMEI inapoingia. Bonyeza *#06#, zinatokea tarakimu 15, na simu ya laini mbili inazo namba mbili. Nyie mnakumbuka Juni 2016 TCRA walipozima simu bandia? Mie nilikuwa bado shule ya msingi, nakumbuka baba mdogo anatuma namba kwenda 15090 kwa mkono unaotetemeka kama anasubiri matokeo ya kidato cha nne. Nchi nzima ilijua *#06# ndani ya wiki. Tukasahau. Ile mashine iliyozima simu bandia ndiyo hiyohiyo yenye uwezo wa kufungia simu iliyoibwa isikamate mtandao wowote hapa nchini, ila inahitaji namba, na namba inahitaji uwe umeiandika mahali kabla. Polisi walipomuuliza yule dada IMEI, hakuwa nayo. Boksi liko kwao Singida. Ikabidi ndugu yake akalitafute juu ya kabati na kupiga picha, siku mbili zimeshakwenda.

Kwa hiyo boksi, kaka yangu wa korido, sio la kupigia simu, hilo nakubaliana na wewe. Boksi lina stika, stika ina namba, na namba ile inatakiwa ilingane na ile inayotokea kwenye kioo. Unataka simu iliyotumika? Nunua, sio dhambi, hata mie yangu imetumika. Lakini mwambie muuzaji alete boksi, abonyeze *#06# mbele yako, atoe akaunti yake mwenyewe kwa mkono wake, muandikishiane kwenye karatasi majina na namba za vitambulisho, shahidi mmoja awepo, mchana kweupe. Mtu mwenye simu yake halali hatakataa, atakuona msumbufu tu. Akikataa, mwache aende.

Na mwisho ni hili ninalolianzisha, na serikali ya wanafunzi wakitaka kulichukua walichukue, sitadai jina. Nimenunua daftari la kaunta, lina mistari. Kila mtu wa jengo letu anakuja anaandika jina, chumba, aina ya simu na zile tarakimu 15. Anayeibiwa namba yake inabandikwa ubao wa matangazo pale karibu na mgahawa, namba tu bila jina. Anayeuziwa simu anapita pale anatazama kwanza. Fundi wa getini nimeshaongea naye, kasema na yeye nimpe nakala, ingawa alisema huku anatazama pembeni, tutaona.

Mpaka naandika hapa tumeshajiandikisha kumi na moja, na wa kwanza kwenye ukurasa ni yule dada, simu yake mpya, ndogo, kainunua dukani na risiti kaibandika kwa gundi ndani ya daftari. Jirani yangu bado hajaja. Nimemwambia nafasi yake nimeiacha wazi, mstari wa kumi na mbili. Daftari lipo chumbani kwangu kila siku kuanzia saa mbili usiku, kalamu imefungwa kwa kamba, maana nayo kalamu, wadau, nawajua.